Mbwa kapewa moto, paka kanyimwa

Nilichotaka ni paka wa moto, basi. Mchezo wetu wa Jumamosi, ule wa mezani wa kusimuliana hadithi na kurusha dadu, ulikuwa umefika mji mmoja wa bandari, wa kubuni, wenye maghala ya mbata yanayoungua usiku bila mlinzi kuona mtu. Mimi ndiye mwendesha mchezo, yaani ninayesimulia na kuwachezesha mazimwi, na nilishaamua kwamba mchomaji ana miguu minne na mkia. Kilichobaki ni kumpata kwenye karatasi: ana uhai kiasi gani, anauma vipi, ukimmwagia maji inakuwaje. Nikajiambia nitamkuta tu kwenye zile kanuni za bure za Dungeons & Dragons. Hizo ndizo ninazozihakiki hapa, upande wa mazimwi peke yake, kwa sababu huko ndiko nilikotoka jasho.

Kwa asiyezijua: ni faili moja ya PDF, toleo la 5.1, kurasa mia nne na kitu, ambayo kampuni ya Wizards of the Coast iliiweka chini ya leseni huria ya Creative Commons mwezi Januari 2023. Kwa mtu kama mimi maana yake ni kwamba naweza kuichapisha, kuikatakata, kuigeuza, hata kuuza nilichokitengeneza humo, mradi nitaje nilikokitoa. Mimi ni karani wa hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Mombasa. Vitabu vyenyewe vyenye picha na jalada gumu, ukijumlisha usafiri na ushuru, mtu anaona afadhali anunue mabati. Faili nikaipeleka saiba ya jirani, nikachapisha kurasa 40 nilizozihitaji kwa shilingi 10 kila moja, nikazitoboa na kuzifunga kwa uzi wa kushonea magunia. Shilingi 400, na mazimwi wa kutosha kutisha mtaa.

Picha hamna hata moja. Hili watu hulilalamikia, mimi sikulijali. Wachezaji wangu wanne hawajawahi kuona picha ya zimwi yeyote, wanategemea mdomo wangu, na mdomo ninao. Kilichonikera ni mpangilio. Mazimwi wenyewe wamepangwa kwa alfabeti katikati ya faili, halafu wanyama wa kawaida wametupwa kwenye kiambatisho huko nyuma. Anayetafuta paka wa moto anahitaji pande zote mbili, paka nyuma na moto mbele. Nilifunua na kufunika hadi uzi wa gunia ukakatika.

Paka wapo tele, usidhani. Kuna chui, kuna simba, kuna simbamarara, kuna yule wa kale wa meno marefu mwenye pointi 52 za uhai. Wote wana kitu kimoja kizuri ambacho nitakirudia baadaye: wakikukimbilia futi 20 kwa mstari mnyoofu kisha wakakupata kwa kucha, unarusha dadu ya nguvu, na ukishindwa unaanguka chali nao wanakuuma hapohapo. Huo ni upaka. Aliyeandika hapo aliwahi kumtazama paka.

Aliyeandika ukurasa wa paka wa nyumbani, sijui. Amempa pointi 2 za uhai, sawa, na kucha za pointi 1, sawa. Lakini hakumpa uwezo wa kuona gizani! Simba naye hana, chui hana. Simbamarara anao, futi 60. Yaani kwa kanuni hizi, stima ikikatika, mimi na paka wangu tunapapasa ukuta pamoja. Mdogo wangu aliposikia alicheka mpaka chai ikamtoka puani.

Wenye moto nao wapo. Kuna majitu, kuna majini, kuna nyoka-watu, kuna vijitu vidogo vya tope la moto. Na kuna mbwa. Mbwa wa jehanamu, kiwango cha ugumu 3 (ndicho kipimo cha ukali wa zimwi), pointi 45 za uhai, moto haumdhuru, anawinda kwa kundi, anatema moto. Mbwa kapewa kila kitu. Paka wa moto, hamna. Aliye karibu kabisa ni chimera, mwenye kichwa cha simba, cha mbuzi na cha joka, na hapo nilifurahi sekunde tatu hivi, mpaka niliposoma kwamba moto unatoka kwenye kichwa cha joka. Simba yupo pale kwa ajili ya kuuma tu. Tena chimera ni kiwango cha 6, pointi 114, na pumzi yake inachoma wastani wa pointi 31. Kundi langu lipo ngazi ya 3, ngazi ikiwa ndicho kipimo cha wachezaji. Ningewaleta mezani saa mbili usiku na kuwazika saa mbili na nusu.

Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza nilifanya ujanja ambao kila mwendesha mchezo mvivu huufanya: nikachukua mbwa wa jehanamu, nikamwita paka. Nikamvalisha kucha na mkia kwa maneno, hesabu nikaziacha kama zilivyo.

Niwaeleze meza yetu ilivyo. Mchezoni, mdogo wangu ndiye mchawi. Mke wake, wifi yangu, ni mpiganaji mwenye upanga wa mikono miwili, na ni yeye anayejua kanuni kuliko sote. Mwalimu wa kemia wa nyumba ya pili ni kuhani anayeponya watu kwa masharti. Na kijana mmoja wa boda, anayeegesha pikipiki kwetu usiku, ni mwizi, na mwizi wake anaiba hata vitu visivyo na bei. Dadu tunazo seti moja ya saba, zilizoletwa na binamu kutoka Toronto, tunazungushiana. Mazimwi ni vifuniko vya soda. Cha paka nilikipaka rangi nyekundu ya kucha.

Paka-mbwa wangu akatokea mlangoni mwa ghala, akatema moto. Koni ya futi 15, kila aliyemo ndani arushe dadu ya wepesi apate 12 au zaidi, la sivyo wastani ni pointi 21. Mchawi wetu alikuwa na pointi 17. Mdogo wangu akarusha 4. Akaanguka zamu ya kwanza kabla hajasema neno hata moja, akasukuma kiti nyuma, akavuta sahani ya viazi karai upande wake na kuanza kula kimya. Kanuni zinasema kundi la watu wanne waliopumzika vizuri lamweza zimwi wa kiwango sawa na ngazi yao bila kufiwa na mtu, na kweli hakufa mtu, Mwalimu alimwinua. Lakini hakuna aliyeogopa. Wifi aliweka kidole kwenye kifuniko chekundu akaniuliza, "Wifi, huyu ni paka kweli? Mbona anasimama mlangoni na kubweka?"

Nikakubali kosa. Paka hasimami mbali akatema. Mwenye paka nyumbani anajua: unamwona amelala, unageuka, ukigeuka tena yuko begani mwako.

Hapo ndipo nilipoliona tatizo lenyewe, na ni tatizo la wazo zima la paka wa moto, si la faili hili peke yake. Kazi ya paka ni kujificha. Kazi ya moto ni kuonekana. Ukimchukua zimwi wa moto mtupu wa humu, yule wa kiwango cha 5 mwenye pointi 102, anaangaza mwanga mkali futi 30 pande zote. Atamvizia nani huyo? Ni sawa na kumtuma mwizi akiwa amebeba karabai. Na ukimzima ili ajifiche, umebaki na simbamarara wa kawaida. Michoro mingi ya paka wa moto niliyoiona intanetini inakwepa swali hili kwa kumchora simba mwenye ndimi za moto shingoni, anapendeza, lakini hawezi kumnyatia hata kipofu, maana kipofu atasikia joto.

(Huyo wa moto mtupu ana kanuni ya maji ambayo tuliipigia hesabu mezani na ikatupotezea robo saa nzuri. Kila galoni moja ya maji ukimmwagia inampunguza pointi 1. Mtungi wetu wa lita 20 ni galoni 5 na ushei, kwa hiyo pointi 5 na ushei. Kummaliza kwa maji matupu kunataka mitungi 20, mkokoteni mzima wa mchota maji. Kijana wa boda akauliza bei ya mtungi mjini humo ni ngapi.)

Mimi nimezaliwa Voi, na pengine ndiyo sababu jambo la paka na moto lilinikaa kichwani wiki nzima. Kwetu huwezi kukua bila kusikia habari za simba wa Tsavo wa mwaka 1898, wale madume wawili waliokuwa wakiwala wajenzi wa daraja la reli mpaka Patterson, mhandisi wa daraja hilo, alipowaua mwezi Desemba. Nyanya alikuwa akisimulia mambo mawili tu kuwahusu. La kwanza, hawakuwa na manyoya ya shingoni, na hilo ni kweli, hata leo ukienda jumba la makumbusho la Field Museum kule Chicago, walikouzwa kwa dola 5,000 mwaka 1924, utawaona wamesimama ndani ya kioo na shingo tupu. La pili, na hapa Nyanya alikuwa akishusha sauti, ni kwamba watu walikoka moto na kuzungusha boma za miiba, na simba walipita. Hadithi yake haikuwa ya simba mkubwa. Ilikuwa ya kitu kinachokuja hadi kwenye moto wako na wewe hukioni.

Na kuna Nyanya mwingine, mamake baba, wa huku pwani, ambaye hakupika kwa makaa ila kwa makumbi ya nazi. Wanaojua makumbi wanajua. Unayaona ya kijivu, yamepoa, hakuna mwali, hakuna hata moshi wa maana. Ukitia mkono umekwisha. Ukipepea kidogo tu yanawaka.

Basi paka wangu akapata jina: Paka Makumbi. Kijivu, amejaa majivu mgongoni, shingo tupu, amelala kwenye lundo na hakuna anayemwona. Akiruka, upepo wa kuruka kwake ndio unaompepea.

Swali likawa kama faili linanipa vipuri vya kumjengea. Kumbe vipo, na vilikuwa mahali ambapo sikutegemea. Wale vijitu vya tope la moto niliowadharau wanaitwa magmin, kiwango cha ugumu nusu, pointi 9 za uhai, watu wakiwaua kwa teke. Lakini wana mstari mmoja wa dhahabu: wanaweza kujiwasha na kujizima wenyewe kwa hiari, kwa kitendo kile cha ziada cha ndani ya zamu, na wakiwaka wanatoa mwanga mkali futi 10. Hiyo ndiyo makumbi! Mstari wa pili: wakifa wanalipuka, na kila aliye ndani ya futi 10 anarusha dadu ya wepesi apate 11, la sivyo anaungua wastani wa pointi 7, na vitu vinavyoshika moto karibu yao, ambavyo hakuna aliyevivaa wala kuvibeba, vinawaka. Kumbuka mchezo wetu ulikuwa ndani ya ghala la mbata.

Kwa haki ya waliotangulia niseme kwamba toleo la zamani la mchezo huu, lile la 3.5 la mwaka 2003, lilikuwa na paka wa jehanamu, na walitatua tatizo langu kwa kulipindua. Yule haonekani kabisa kwenye mwanga. Gizani ndiko anakoonekana, na si yeye mzima, ni mstari hafifu unaong'aa wa umbo lake, ambao jicho la kawaida linauona ukiwa umbali wa futi 30. Ni wazo tamu, mchana ndio wa kuogopa. Moto hana, ila haumdhuru sana. Ni kiwango cha 7, mkubwa mno kwetu, na hakuletwa kwenye faili hili la bure. Nampa nyota nne bila kumchezesha.

Nikamjenga wangu usiku wa Alhamisi. Mifupa ni ya simbamarara: pointi 37, kinga 12 (dadu ya kumpiga sharti ifike hapo), kuona gizani, kuruka na kuangusha mtu asiyepata 13 ya nguvu. Kuwaka, kuzima na kulipuka, kutoka kwa magmin. Kutodhurika na moto, kutoka kwa mbwa, ambaye pumzi yake nilimwachia. Na kuumwa kwake kunakuwasha, kama mguso wa yule zimwi wa moto mtupu: mwanzo wa kila zamu yako unaungua dadu moja ya pande 10, mpaka mtu atumie kitendo chake kuuzima. Nilipofika kwenye kumpa kiwango cha ugumu ndipo nilipolitukana faili kwa mara ya pili. Linakupa kiwango cha kila zimwi lakini halikupi jedwali la kukuonyesha kiwango kinapigiwaje hesabu. Ni kama kuuziwa simenti, kokoto na nondo na kuambiwa kipimo cha kuchanganya kiko kwenye mfuko mwingine, unaouzwa. Kazini kwangu mteja angerudi kugomba. Nikakisia 2, nikaweka paka wawili.

Jumamosi ya pili. Niliwaambia kuna harufu ya makumbi. Hakuna aliyeshtuka, ghala la mbata litanuka nini? Mwizi akaingia kwanza, akapita katikati ya malundo, akafungua sanduku la karani, akaiba stakabadhi. Nikarusha dadu nyuma ya kifuniko cha sufuria, na wakanisikia nimerusha, na hakuna kilichotokea. Hapo Mwalimu akaweka kikombe chini. Mchawi akasema anawasha mwenge aone vizuri. Nikamwuliza mara mbili, una hakika? Lundo la kijivu likafumbua macho.

Aliruka futi 20, akamwangusha mchawi, akamwuma, mchawi akashika moto, yote hayo kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Na tofauti na mara ya kwanza, mdogo wangu hakuanguka, alibaki na pointi 9 na swali: nizime moto au nirushe uchawi? Kitendo ni kimoja kwa zamu. Meza nzima ikampigia kelele, kila mtu lake. Ndicho nilichokuwa nakitafuta. Pumzi ya mbwa inakupiga na imekwisha, huna la kuamua. Moto wa paka unabaki mwilini mwako ukikuuliza swali kila zamu.

Alichagua uchawi, mjinga yule. Akarusha dadu ya kuungua, ikatoka 9. Viazi karai kwa mara nyingine.

Hilo nalihesabu kosa langu, si lake. Dadu ya pande 10 ni ya zimwi wa kiwango cha 5, si ya huyu. Nimeishusha hadi dadu ya pande 4, kama ile chupa ya moto ya wanakemia inayouzwa kwenye orodha ya vifaa vya humu, na kuizima kunataka 10 ya wepesi. Inasumbua bila kuzika.

Kisha wifi akampiga paka wa kwanza mapigo mawili safi, akasimama juu ya kiti, kitini kweli, si kwenye mchezo, akapiga kigelegele. Nikamwacha amalize. Halafu nikamwambia arushe dadu ya wepesi.

Mlipuko wenyewe haukuwaumiza sana. Mbata ndiyo iliyoshika. Vita vikageuka mbio: paka wa pili kapotea katikati ya miali, na sasa paka wa moto ndani ya ghala linaloungua ndiye asiyeonekana, yule yule aliyekuwa haonekani gizani. Sikulipanga hilo, naapa, lilitoka lenyewe kwenye kanuni zilipokutana. Mwalimu, mtu wa kemia, alitumia dakika kumi kubishana nami kuhusu mafuta ya nazi na joto la kushika moto, na wenzake wakimsihi, "Mwalimu, tutoke kwanza." Walitoka watatu kwa miguu na mmoja kwa kubebwa. Ghala likaisha. Stakabadhi za karani zimo mfukoni mwa mwizi, salama, na hakuna anayejua za nini.

Kwa hiyo faili napendekeza? Kama unataka zimwi aliyeiva, wa kufungua na kumtumia usiku huohuo, na unamtaka paka wa moto, hapana, hayumo, na mbwa hatakufaa hata ukimvisha mkia. Kama unapenda kushona viraka, kwa shilingi 400 za uchapaji sijaona mahali pengine pa kupata vitambaa vingi hivi, tena kwa ruhusa ya mwenye kitambaa. Nyota nne, ya tano wameila wenyewe kwa lile jedwali na kwa paka wa nyumbani asiyeona gizani. Ukurasa wake nimeshaurekebisha kwa kalamu: futi 60, sahihi yangu, tarehe.

Paka wa pili bado yuko nje, mahali fulani kwenye gati, na Jumamosi hii watamfuata. Kijana wa boda amekwisha nitumia ujumbe kwamba mwizi wake ameuza vito vyote alivyoviiba tangu tuanze, na amekodi mkokoteni na mitungi 20. Nimemjibu kwamba ngazi za gati ni nyembamba. Amejibu atabeba mmoja mmoja.